Gando Jepesi
Maji yanapokupwa penye mikoko ya Bagamoyo huonekana kaa wadogo, dume akiwa na gando moja kubwa. Hulipunga: jike aitwe, dume mwenzake aonywe. Likikatika, huota jingine lenye urefu ule ule, lakini jepesi na dhaifu. Wenziwe hawalitambui kwa macho. Mbona hila hiyo hufaulu? Kwa kuwa magando mengi husema kweli. Nasi tukisema dukani, "Nitalipa mwisho wa mwezi," twaaminiwa kwa uaminifu wa waliolipa kabla yetu. Tusipolipa, tumeila akiba yao, na jirani mwenye shida atakayekuja kesho atanyimwa. Kaa hakulichagua gando lake. Sisi neno letu twalichagua.