Mwenye Mali Asiye na Funguo

Mwenye shamba hagomi. Anaweza kuchoka, kuumwa au kuliuza, lakini hutamkuta alfajiri ameketi mpakani mwa shamba lake, mikono ameikunja, akilidai shamba limwongezee posho. Hoja hii inaeleweka hata kwa mtoto, na ndiyo iliyotumika miaka mingi kuwaambia wafanyakazi wa nchi hii kwamba tangu viwanda vilipokuwa mali ya umma, mgomo umekosa maana. Unamgomea nani, ikiwa kiwanda ni chako?

Naichukua hoja hii kwa uzito wake, kwa sababu walioisema wengi wao waliiamini, na kwa sababu sisi wa Arusha inatuhusu kuliko wengine. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala, ilikutana hapa mjini kwetu, katika ukumbi wa Kaloleni ambao leo ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Siku chache baadaye mabenki, bima, vinu vya unga na makampuni makubwa ya biashara ya nje vikataifishwa. Njia kuu za uchumi sasa ni za wakulima na wafanyakazi, tuliambiwa, ila umiliki wao utapitia katika mkono wa serikali yao. Mkono huo ndio ninaotaka kuutazama.

Wakati mfanyakazi anapewa jina la mwenye mali mwaka 1967, alikuwa amekwisha kunyang'anywa mdomo miaka mitatu nyuma. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, lilianzishwa mwaka 1955 na Rashidi Kawawa akawa katibu wake mkuu. Makuli wa bandarini, wakata mkonge na watu wa reli walijifunza humo kwamba mtu mmoja akikataa anafukuzwa, lakini elfu wakikataa wanaitwa mezani. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Uhuru ukaja, Kawawa akawa Waziri Mkuu mwaka 1962, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria zilizoufanya mgomo halali uwe karibu na muhali. Kassanga Tumbo, kiongozi wa wafanyakazi wa reli, alipinga, akaishia kizuizini. Halafu askari wa Tanganyika Rifles wakaasi Januari 1964. Viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi wakakamatwa, TFL ikavunjwa, na sheria ikaunda chama kimoja tu, NUTA, kilichofungamanishwa na TANU. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa papo hapo Waziri wa Kazi. Mdai na mdaiwa wakawa mtu mmoja, na ada ya uanachama ikaendelea kukatwa kwenye mshahara.

Sasa turudi kwa mwenye shamba. Kwa nini hagomi? Si kwa sababu ana hati. Hagomi kwa sababu hana haja: akitaka kujua mavuno anahesabu magunia mwenyewe, akichukizwa na mlinzi anamwondoa, na akiona mbegu haifai haipandi. Mgomo ni lugha ya mtu ambaye njia hizo zote zimefungwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mfanyakazi wa shirika la umma hakuliona daftari wala hakumchagua meneja, na hakuwa na namna ya kumwondoa. Alichopewa ni jina la umiliki. Funguo zilibaki kwa mwingine.

Huku Meru jambo hili lilijulikana kabla ya nadharia yoyote kufika. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Karatasi zote zilikuwa upande wa serikali. Wameru walikuwa na neno moja, hapana, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akalibeba neno hilo hadi Umoja wa Mataifa, New York. Tunawafundisha watoto wetu kwamba ule ulikuwa ushujaa, nasi hatukosei. Lakini miaka ishirini baadaye neno lilelile, likisemwa na mtu aliyevaa ovaroli mbele ya ofisi ya meneja, liliitwa utovu wa nidhamu, hata uhaini. Sijapata kusikia maelezo ya kuridhisha kwa nini anayekataa mbele ya gavana ni shujaa na anayekataa mbele ya meneja ni msaliti.

Mwongozo wa TANU wa Februari 1971 uliufungua mlango kidogo. Kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Wafanyakazi walikisoma na wakakiamini. Kati ya 1971 na 1973 viwanda kadhaa, hasa Dar es Salaam, vilisimama, na mara nyingi dai la kwanza halikuwa fedha. Lilikuwa heshima: meneja anatutukana, meneja anafuja mali yetu. Tazama neno hilo, yetu. Walikuwa wamelichukua Azimio kama lilivyosema. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, wafanyakazi walimtoa mwenye kiwanda wakaendelea na uzalishaji wenyewe. Hao hawakuwa wavivu wanaokimbia kazi. Walikuwa watu wanaotaka funguo. Mwanzoni serikali ilikubali, lakini jambo lilipoanza kuenea kwenye viwanda vingine ikalizima, na waliothubutu wakapoteza kazi.

Ipo hoja nzito upande wa pili, nami siipuuzi. Wafanyakazi wa mshahara walikuwa wachache mno katika nchi ya wakulima. Azimio lenyewe lilionya kwamba watu wa mjini wanaweza kumnyonya mkulima, kwa kuwa mikopo iliyojenga viwanda na hospitali za mjini ililipwa kwa mazao ya kijijini. Mama anayechuma kahawa kwenye mteremko wa Meru alikuwa mwenye mali pia. Akigoma wa kiwandani apandishiwe mshahara, je, hali jasho la mama yule? Kama serikali iliwanyamazisha wafanyakazi ili mkulima asikike, basi walau tungekuwa na mzani. Lakini mwaka 1976 serikali ileile ilivunja vyama vya ushirika, na kahawa ya mkulima ikawekwa chini ya mamlaka ya zao. Mkulima naye akapoteza chombo chake. Ndipo ilipodhihirika kwamba mkulima hakuwa amesikilizwa. Alikuwa ametajwa tu.

Tanzania haikuwa nchi ya kikomunisti, lakini swali hili liliwasumbua wakomunisti kabla yetu. Mwishoni mwa 1920, huko Urusi, Trotsky alishikilia kwamba katika dola ya wafanyakazi vyama vya wafanyakazi havina haja ya kuwalinda dhidi ya dola yao wenyewe. Lenin alimpinga: dola hiyo imejaa urasimu, akasema, na wafanyakazi lazima wawe na chombo cha kujikinga nayo. Miezi michache baadaye chama chake kilipiga marufuku makundi ya upinzani ndani yake, na ile kinga ikabaki maneno. Miaka sitini ikapita. Agosti 1980, katika kiwanda cha meli cha Gdańsk, Poland, kilichoitwa kwa jina la Lenin, mwendesha winchi Anna Walentynowicz alifukuzwa kazi miezi mitano kabla ya kustaafu. Wenzake wakaweka zana chini. Kutoka hapo kikazaliwa Solidarność, chama huru kilichopata wanachama wapatao milioni 10. Dola iliyojiita ya wafanyakazi ikajibu Desemba 1981 kwa vifaru.

Kwetu jibu la namna hiyo lilikuja Kilombero mwaka 1986, katika kiwanda cha sukari cha umma, ambako polisi wa FFU waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma na kuwaua baadhi yao. Mali ya umma ililindwa kwa damu ya umma. Nimejaribu kutafuta namna ya kulisema jambo hili kwa upole, nimeshindwa.

Tangu hapo mengi yamebadilika. NUTA iligeuka kuwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni vyama vingi chini ya TUCTA. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatambua haki ya kugoma, ijapokuwa baada ya usuluhishi, kura na taarifa ya saa 48. Kiwanda cha matairi cha General Tyre, fahari ya mji huu, kilifungwa mwaka 2009, na waliokuwa wameambiwa ni chao hawakuwa na kura katika kufungwa kwake.

Mei Mosi ya 2024 kitaifa iliadhimishwa Arusha, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, karibu na ukumbi ule wa Kaloleni. Wafanyakazi walipita kwa maandamano na mabango yao juani, na viongozi walikaa jukwaani kuwapokea.