Maana Yake Nini? Somo la Imani katika Mambo ya Kila Siku

Katika ibada za nyumba kwa nyumba, baada ya wimbo na Neno, huja wakati wa ushuhuda. Mmoja anasimama na kueleza jinsi alivyochelewa basi la alfajiri, akarudi nyumbani akinung'unika njia nzima, na saa nne akasikia kwamba basi lile limepinduka. Wote tunasema amina, na mwenye sauti anaanzisha pambio. Ni shukrani ya kweli, wala sina nia ya kuizima. Lakini tuseme pale kwenye kona ya sebule ameketi mama ambaye mwanawe aliliwahi basi hilo. Yeye aondoke amesikia nini juu ya Mungu?

Sisi Wakristo tunapenda sana kutafuta somo. Maji yakikatika, tunasema kuna somo. Gari likizima mlimani, kuna somo. Mkopo ukikataliwa benki, Mungu ana jambo anatufundisha. Wachungaji ndio tunaoongoza msafara huu. Chuoni tulifundishwa kwamba hubiri lianzie pale watu walipo, na ni fundisho jema, lakini mhubiri aliyefika Jumamosi usiku bila mfano humtazama hata paka wa jikoni kwa matumaini. Tabia yenyewe si mbaya, kwa kuwa Mungu tunayemwamini hakai kanisani tu kusubiri Jumapili. Kinachonisumbua ni namna tunavyolitafuta hilo somo, na nani analipa gharama yake.

Wengi wetu tulikariri Katekisimo Ndogo tukijiandaa kwa Kipaimara. Dk. Martin Luther aliitoa mwaka 1529, baada ya ukaguzi wa sharika za Saksonia kuonyesha jinsi watu, na hata baadhi ya wachungaji wao, walivyojua machache mno ya imani. Baada ya kila amri, kila sehemu ya Imani na kila ombi la Baba Yetu linafuata swali lile lile la kuuliza maana yake nini. Tulilisema mara nyingi hata likazoea ulimi. Tulipokua tukaendelea kulisema, ila tukalihamisha mahali pake. Katika Katekisimo swali hilo linafuata Neno. Sisi tumelifanya lifuate tukio. Mungu ameamuru, maana yake nini? Hilo lina jibu, na watoto wa miaka 14 wanalijua kwa moyo. Kikombe kimevunjika, maana yake nini? Hapo kila mtu hujibu anavyotaka, na mara nyingi hujibu kwa faida yake au kwa hofu yake.

Mtoto mmoja wa Kipaimara aliwahi kuniuliza darasani kama ni kweli ng'ombe wao alikufa ili baba yake aache pombe. Ndivyo alivyosikia watu wazima wakisema. Nilimuuliza daktari wa mifugo alisemaje. Akajibu bila kusita: ndigana. Basi tukazungumza habari za kupe na josho, na darasa lote likachangamka, maana hao ni watoto wanaokata majani kila jioni. Kuhusu pombe nilimwambia kwamba baba anapaswa kuiacha hata kama ng'ombe angekuwa mzima na anatoa lita 10 kwa siku. Watoto wake wanalala na hofu, na jambo hilo halingoji mnyama afe ndipo liwe kweli.

Mwaka 1518, katika mjadala wa Heidelberg, Luther alitofautisha wanatheolojia wa namna mbili. Wa utukufu huliita baya jema, na jema baya. Wa msalaba huliita jambo kama lilivyo. Nimesoma maelezo mengi ya maneno hayo, mengine mazito kweli kweli, lakini nadhani yanaanzia hapo pa yule mtoto. Ndigana ni ndigana. Kumwita kupe mjumbe wa Mungu kwa mlevi hakuongezi utukufu wa Mungu, na kunamwachia mtoto picha ya Bwana anayeua maziwa ya nyumba nzima ili kumfikia mtu mmoja.

Mtu atasema: lakini Bwana Yesu mwenyewe alifundisha kwa mambo ya kila siku. Ndiyo, na inafaa tuangalie alichagua mambo gani. Alitaja mpanzi, ndege wa angani, maua ya kondeni, mwanamke aliyetia chachu katika unga. Haya ni mambo ya kawaida kabisa. Ndege hula kila siku, na unga huumuka kila mara chachu ikitiwa. Biblia yetu inasema pishi tatu, na kwa vipimo vya kwao unga ule ulikuwa mwingi kuliko pishi tatu za dukani kwetu. Mkate wake ungeshibisha watu wengi, kama wa karamu. Mwanamke aliyekuwa akisikiliza alijua uzito wa donge hilo mikononi mwake. Yesu hakuhitaji kitu kipasuke ndipo apate mfano.

Walipomletea lile tukio la ajabu, mambo yalikuwa tofauti. Luka 13 inatuonyesha watu wakimpasha habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Ulikuwa wakati mzuri wa kutoa somo juu ya marehemu. Alikataa. Alisema hawakuwa wakosaji kuliko wengine, kisha akawageukia waliosimama mbele yake na kuwaita watubu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba msiba haukumpa neno la kunena. Alilo nalo liliwahusu walio hai, tena juu yao wenyewe. Kaburi la jirani hakuligeuza ubao wa kuandikia.

Ukiliacha tukio liwe tukio, utashangaa jinsi siku ya kawaida ilivyojaa mafundisho ambayo tunayapita. Chukua gunia la viazi. Kipimo halali hakizidi kilo 100. Mnunuzi anafika shambani, gunia linajazwa, linashindiliwa, kisha linashonewa kilemba juu, na hicho kilichozidi halipii. Hiyo ndiyo lumbesa, na kila aliyelima viazi au vitunguu anaijua. Mkulima anakubali kwa sababu mzigo ukibaki utaoza, na ada ya shule inadaiwa. Mnunuzi naye anaweza kuwa mshirika mwema, anayetoa zaka, hata mzee wa kanisa. Jumatano amesimama kwenye ushuhuda akiuliza Mungu anamwambia nini kwa kumpasulia tairi Jumatatu. Sijui la kumwambia juu ya tairi. Juu ya gunia Mungu amekwisha kusema, na wala hakunong'ona. Mithali 11:1 inataja mizani ya hadaa. Katekisimo, ikieleza amri ya saba, haiishii kwa mwizi wa usiku. Inataja biashara ya hila, kisha inatutaka tumsaidie jirani kuitunza na kuiongeza mali yake. Mtu aliyelikariri jibu hilo akiwa kijana anaweza kusimama mbele ya kile kilemba akauliza swali la Luther mahali pake hasa: usiibe, maana yake nini hapa, asubuhi hii, kwa mama huyu aliyeshika sindano ya kushonea gunia?

Ndivyo pia kwa kupokea. Luther alipofika kwenye ombi la mkate wa kila siku hakuishia kwenye mkate. Akaorodhesha nguo na viatu, nyumba, shamba, mifugo, serikali njema, hali ya hewa nzuri, amani, afya, marafiki, na hata majirani waaminifu. Orodha ile inanifurahisha kwa vile viatu vyake. Haisemi kwamba viatu ni ishara ya kitu kingine. Viatu ni zawadi vikiwa viatu.

Tazama mnada wetu baada ya ibada. Watu wanakusanyika nje. Mezani kuna mayai matano kwenye bakuli, mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, chupa ya maziwa. Mzee anayenadi ana utani kuliko redio. Yai ambalo dukani halifiki shilingi 1,000 linauzwa 5,000, mnunuzi analirudisha linadiwe tena, mwingine anampa mama mjane kama zawadi. Yapo pia majivuno: yupo anayepandisha bei ili jina litajwe, na yupo anayeahidi kulipa mwisho wa mwezi ambao haufiki. Tuyaite hayo jinsi yalivyo. Hata hivyo mimi huutazama mnada huu nikaona jambo ambalo hubiri langu la dakika 25 halikuweza kulifikisha. Bibi asiyeshika noti kwa wiki nzima amekuja na sadaka, na sadaka yake haikufichwa ndani ya bahasha ndogo. Imepita madhabahuni pamoja na fedha za mwenye lori. Mayai yale ni chakula kilichotoka kwa kuku wake na kitaliwa na mtu leo jioni. Sihitaji kuyafumbua.

Narudi kwenye mambo machungu, maana hapo ndipo somo la haraka linapoumiza. Misibani tunapenda Warumi 8:28. Paulo anasema Mungu hutenda kazi katika mambo yote kwa mema ya wampendao. Hasemi kwamba kila jambo ni jema, wala hajatuahidi kuonyeshwa kusudi kabla ya jeneza kutoka. Wengine humtaja Yusufu, aliyewaambia ndugu zake kwamba walikusudia mabaya lakini Mungu alikusudia mema. Ni kweli aliyasema, katika Mwanzo 50. Hesabu miaka: aliuzwa akiwa wa miaka 17, na maneno hayo aliyatamka baada ya baba yake kufa, karibu miaka 40 baadaye. Tena aliyatamka mwenyewe, yeye aliyetupwa shimoni. Hakuna mgeni aliyemwinamia mdomoni mwa shimo siku ile kumweleza. Na aliyenusurika na basi anaweza kumshukuru Mungu kwa uhai wake na kuishia hapo, bila kueleza kwa nini yeye, kisha akaomba kwa ajili ya nyumba zilizofiwa.

Rafiki zake Ayubu walianza vizuri kuliko tunavyowasifu. Walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kumfafanulia. Nasi kwetu, siku ya kwanza ya msiba ina kazi nyingi zisizohitaji ufafanuzi: kufunga maturubai, kuazima viti, kuteka maji, kumenya ndizi, kushika daftari la rambirambi, kumwogesha mtoto wa mfiwa aliyesahauliwa na wote. Mfiwa akitaka kuuliza maana yake nini, atauliza kwa wakati wake, pengine baada ya arobaini, pengine baada ya miaka kama ya Yusufu. Siku hiyo atatafuta mtu wa kukaa naye. Mara nyingi humwita yule aliyekuwa nyuma ya nyumba akiosha sufuria, siyo mchungaji.