Fundi Mwema Anauliza Kwanza

Ukienda kwa muzee fundi wa mitumbwi, hashiki shoka siku ile ile. Kwanza anakuuliza: "Unapenda kwenda nayo wapi? Mu Lukuga ao mu ziwa? Mutapanda bantu wangapi? Utabeba nyavu ao mihogo?" Wakati huo mti bado umesimama, na kosa bado ni la maneno tu.

Desturi hiyo tunaihitaji leo, mafundi wa kompyuta wanapotengeneza programu za akili bandia. Programu ya kawaida inafuata amri zilizoandikwa. Hii inajifunza kwa mifano mingi, kisha inakisia. Kwa hiyo kukosea itakosea. Basi haitoshi kuuliza "ifanye nini?" Lazima kuuliza pia: ijifunze kwa mifano ya nani? Na ikikosa, ikose upande gani?

Swali la kwanza, wengine wamekwisha kuliona. Mwaka 2020, mradi wa TICO-19 ulitafsiri habari za korona ili kusaidia mashine za kutafsiri, na Kiswahili cha Kongo ukakiweka peke yake. Hapo kuna mtu aliyeuliza watu wanasema namna gani.

Swali la pili ni zito zaidi. Tuseme programu inawaambia wavuvi wa Kalemie kama ziwa litachafuka usiku. Ikisema dhoruba inakuja, na isije, mvuvi amepoteza ndagala za usiku mmoja. Ikisema ziwa ni shwari, na upepo ukavuma, watoto wamepoteza baba. Kwenye karatasi, kila moja ni kosa moja. Kwa mama anayengoja kando ya ziwa, hayako sawa hata kidogo. Lakini programu yenye woga kila usiku, nayo inaleta njaa, na mwisho hakuna atakayeisikiliza. Nani achague kipimo? Fundi aliye mbali? Ao tajiri mwenye boti, anayelala kwake? Mimi nasema ni wale wanaoingia ziwani, pamoja na wale wanaowangoja.

Tusilaumu wageni peke yao. Katika vikao vyetu pia, mara nyingi wazee tunasema kwa niaba ya akina mama na vijana, bila kuwauliza.

Kwa hiyo mtu akituletea mashine, tusikimbilie kushukuru. Tumpe kiti, aulize, na tumjibu wote. Mti ukikwisha kuchongwa, haurudi kusimama.