Gharama ya Moyo Mzima



Bwana wetu alifundisha ya kwamba mtu atakaye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Lakini alipowaita wavuvi hakuwatajia bei. Waliziacha nyavu wakamfuata. Je, tutahesabuje gharama ambayo hatujaambiwa?

Tuwatazame watumishi wawili wa Kanisa la Uganda. Mwezi wa Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua, wakilalamikia mauaji ya raia. Tarehe 16 ya mwezi huo waliitwa Kampala mbele ya askari wengi. Wenzake waliambiwa waende zao, yeye akabakizwa. Kesho yake ikatangazwa kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Haikuwa ajali, aliuawa.

Wa pili ni Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, ambaye katika miaka ya 1940 na 1950 alikuwa mwalimu huku kwetu Dodoma. Baada ya kifo cha Luwum, yeye na mkewe walivuka milima usiku kwa miguu, wakaingia Rwanda. Aliishi uhamishoni mpaka Amin alipoangushwa mwaka 1979, na huko akahubiri kwamba hata Amin yapasa asamehewe.

Ni yupi aliyempenda Bwana kwa moyo mzima? Wengine watasema ni yule aliyekufa. Sisi hatuoni hivyo. Luwum hakutafuta kufa; alitafuta kusema kweli, na kifo kikamkuta katika njia hiyo. Kivengere naye aliikimbia bunduki, hakuikimbia kweli, na ng'ambo akadaiwa gharama nyingine, yaani kuing'oa chuki moyoni mwake. Basi ukubwa wa mateso si kipimo cha ibada.

Sasa turudi Haneti. Hapa hakuna askari mlangoni. Lakini ng'ombe wameingia usiku katika shamba la mjane, wameumaliza mtama wake, nawe unajua ni ng'ombe wa mjomba wako. Baraza linaketi, unaitwa kuwa shahidi. Kwetu sisi undugu ni ghala. Mwaka mvua ikikatika, mlango utakaobisha hodi ni wa mjomba huyo huyo. Ukisema kweli, huenda ukafungwa. Wala hutalala njaa peke yako. Mke na watoto watalala njaa pamoja nawe.

Hili si jambo dogo, na asiyewahi kukosa chakula asilitolee hukumu upesi. Luwum naye alikuwa na mke na watoto. Je, mtu ana haki ya kulipa kwa mali isiyo yake peke yake?

Tunajibu hivi: kunyamaza nako kuna gharama, ila hulipwa na mwingine. Ukinyamaza barazani, mjane ndiye anayelipa. Kama maaskofu wale wangalinyamaza, waliokuwa wakiuawa wangaliendelea kulipa peke yao, bila hata sauti ya kuwalilia. Gharama haikosi mlipaji. Mwenye moyo mzima ni yule asiyemsukumia jirani yake deni linalompasa yeye.

Lakini neno hili linatudai sote, si shahidi peke yake. Ikiwa ndugu yetu amefungiwa mlango na ukoo kwa sababu ya kweli, ni mlango gani utakaofunguliwa kwake? Tukimsifu Jumapili, na Jumatatu tukamwacha arudi nyumbani na debe tupu, tumemtwisha peke yake mzigo wa Kanisa zima. Debe moja la uwele kutoka kila nyumba lingeweza kumtosha mpaka mavuno. Hiyo nayo ni gharama ya moyo mzima, na bei yake twaijua.

Bwana atupe ujasiri wa kusema kweli, na mikono ya kumtegemeza aliyeisema. Amina.