Andika Nane

Somo la juma: Mithali 28:13, Zaburi 32:1–5



Jumamosi iliyopita nilizunguka kiwanja cha gofu asubuhi nzima bila kuhubiri neno hata moja. Mzee mmoja wa kanisa letu ni mchezaji wa ridhaa. Hakuna anayemlipa, na kiingilio cha mashindano hukitoa mfukoni mwake. Kwa muda mrefu alikuwa akiniomba nikamwone akicheza mashindano ya mwezi ya klabu yao. "Mchungaji, wewe njoo tu utembee," aliniambia. "Miti ni mingi, kivuli hutakikosa."

Miti ni mingi kweli. Kuna mikaratusi mirefu inayobanduka magome, kuna misonobari, na hapa na pale mjakaranda. Imesimama pande zote mbili za kila njia, na katikati yake majani yamekatwa mafupi kama zulia. Ukisimama pale pa kuanzia unaona uzuri mtupu. Mpira ukienda kombo ndipo unapojua kwamba miti ile haikupandwa kwa ajili ya kivuli peke yake.

Kwa asiyeujua mchezo: mashimo ni 18, na kila shimo lina idadi ya mikwaju inayotarajiwa. Wachezaji wa ridhaa hupunguziwa mikwaju kadhaa kulingana na uwezo wao, ili fundi na mwanafunzi waweze kushindana. Mwenye mikwaju michache ndiye mshindi.

Hadi shimo la 13 mzee wetu alikuwa anatembea kwa madaha. Shimo la 14 ni la mikwaju minne, jembamba, limebanwa na mikaratusi. Mkwaju wake wa kwanza ulitoka na mlio mzuri, ukapaa, kisha ukapinda kulia. Tukasikia "ko!" ndani ya miti, halafu kimya.

Tuliukuta mpira umelala juu ya magome makavu. Miti kulia, miti nyuma, miti mbele. Ila kati ya mashina mawili palikuwa na mwanya, upana wake kama mlango wa banda la kuku, na mwisho wa mwanya ule bendera ya shimo ilikuwa ikipepea. Kedi wake, kijana mwembamba aliyebeba mfuko wa fimbo tangu alfajiri, alichomoa fimbo moja fupi akaonyesha kushoto, kule kwenye majani mafupi. "Toa pembeni, mzee."

Mzee hakumjibu. Alikuwa anautazama mwanya.

Mkwaju wa pili uligonga shina. Mpira ukarudi kwa kasi, ukapita karibu na goti langu, ukasimama nyuma yetu. Mkwaju wa tatu uligonga tawi, ukadondoka hatua chache tu mbele. "Mzee, toa pembeni," kijana alirudia, safari hii kwa upole, kama mtu anayemsemesha mgonjwa.

Mzee akashusha pumzi. Akainama kuondoa gome lililokuwa limeugusa mpira. Sheria inaruhusu kuondoa majani makavu na magome, lakini ukiusogeza mpira kwa kufanya hivyo, unaongezewa mkwaju mmoja na kuurudisha pale ulipokuwa. Kijana alikuwa ametangulia kuangalia njia. Wachezaji wenzake wawili walikuwa wanasubiri upande wa pili. Mimi nilikuwa natafuta mti wa kujificha nisije nikapigwa. Nikamsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umesogea." Akaurudisha, akapokea ile fimbo fupi, akautoa pembeni. Mkwaju mmoja zaidi ukaufikisha penye bendera, na miwili midogo ikauingiza shimoni.

Mwenzake mwenye kadi akauliza, "Saba, siyo?"

"Nane."

"Mimi nimehesabu saba, mzee."

"Mpira ulisogea kule ndani. Andika nane."

Akaandika nane, tukaenda shimo la 15.

Kadi ile imenikaa moyoni juma zima. Katika gofu hushiki kadi yako. Mwenzako huandika mikwaju yako nawe huandika yake, na mwisho wa mchezo kila mmoja huisoma yake na kuitia sahihi. Ukitia sahihi penye mikwaju pungufu kuliko uliyopiga, unaondolewa mashindanoni. Na kwa kuwa wengi huzunguka kiwanja bila mwamuzi nyuma yao, mengi yanategemea mtu kulitaja mwenyewe kosa lililotendeka nyuma ya mti.

Wapenzi wa mchezo huu husimulia habari za Bobby Jones, mwanasheria wa Atlanta nchini Marekani, aliyebaki mchezaji wa ridhaa hata alipokuwa anawashinda wachezaji wa kulipwa. Mwaka 1925 alicheza mashindano ya wazi ya Marekani kwenye kiwanja cha Worcester, Massachusetts. Siku ya kwanza, shimo la 11, mpira wake uliishia kwenye majani marefu ya mteremko chini ya shimo. Alipokuwa anajiweka sawa kupiga, fimbo iligusa majani na mpira ukasogea kidogo. Walter Hagen, aliyecheza naye, hakuona. Waamuzi nao hawakuona, wakajaribu kumshawishi kwamba labda haukusogea. Jones alisisitiza. Kadi yake ikasomeka 77 badala ya 76.

Mkwaju ule ulimgharimu. Mwisho wa mashimo 72 alikuwa sawa na Willie Macfarlane, kila mmoja na mikwaju 291. Wakarudia mashimo 18, wakatoka sawa tena, 75 kwa 75. Wakarudia mengine 18, Macfarlane akapiga 72, Jones 73. Watu walipomsifu kwa uaminifu wake, hakufurahi. Aliona ni sawa na kumsifu mtu kwa kuwa hajaiba benki.

Habari hiyo ni nzuri, nami nimewahi kuihubiri. Lakini juma hili nimekuwa nikifikiria zaidi habari yake ya miaka minne kabla. Mwaka 1921, akiwa na miaka 19, Jones alicheza mashindano ya wazi ya Uingereza pale St Andrews, Scotland. Kijana huyo alikuwa na hasira inayojulikana. Katika mzunguko wa tatu mambo yalimharibikia: mashimo tisa ya kwanza yalimla mikwaju 46, na shimo la 11 mpira ukazama kwenye mchanga, ukakataa kutoka. Akauokota, akajitoa mashindanoni. Alilijutia jambo hilo miaka mingi.

Shimo la 11 mara zote mbili, na mtu ni yule yule. Mara ya kwanza makosa yalionwa na kila aliyekuwapo, naye akakataa yaandikwe. Mara ya pili kosa halikuonwa na yeyote, naye akakataa lisiandikwe. Katikati ya mashimo hayo mawili alikuwa amejifunza kwamba kadi yenye makosa inahesabika, lakini kadi iliyoachwa njiani haihesabiki kabisa. Mwaka 1927 alirudi St Andrews akatwaa ubingwa, na mwaka 1958 mji huohuo ukampa heshima ya kuwa raia wake.

Ndugu zangu, somo letu la Mithali linasema jambo ambalo yule kedi angelielewa upesi: anayefunika makosa yake hatafika mbali, na anayeyataja na kuyaacha atahurumiwa. Daudi alilijua hilo kwa uchungu. Soma tena 2 Samweli sura ya 11 na uhesabu mikwaju. Alitenda dhambi na Bathsheba. Pale pale angeweza kutoa pembeni, aaibike na kutubu. Akauona mwanya. Akamwita Uria kutoka vitani ili alale nyumbani, mpira ukagonga shina. Akamlewesha, ukagonga tawi. Mwisho akaandika barua ya kumwua, akampa Uria mwenyewe aibebe. Kila jaribio la kuficha lilikuwa kubwa kuliko lile lililotangulia, mpaka mtu asiye na hatia akalala kaburini. Na katika Zaburi ya 32 anaeleza jinsi ukimya ulivyomla mifupani, na jinsi nafuu ilivyoanza siku alipofungua kinywa. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Daudi alijenga ukuta, na damu ilikuwa ndani yake.

Sitaki mfikiri namsema Daudi kwa sababu yuko mbali. Ngoja niitoe kadi yangu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika niliokuwa nikihudumu, nilisimama madhabahuni kutangaza sadaka ya mavuno. Nikasoma shilingi 6,200,000. Vigelegele vikapigwa. Baada ya ibada mhazini akaja ofisini, akafunga mlango. "Mchungaji, umegeuza tarakimu. Ni 2,600,000." Nikamwambia tutarekebisha Jumapili ijayo. Jumapili hiyo tulikuwa na mgeni. Iliyofuata ilikuwa na ubatizo. Ya tatu nikaona limeshapita, watu wamesahau. Kisha fundi wa paa akaja kuuliza malipo ya awali, kwa kuwa amesikia tuna milioni sita. Nikamwambia asubiri kidogo. Wazee wakauliza mabati yako wapi. Nikasema bei imepanda. Mhazini, mtu mwaminifu, niliyekuwa nikinywa naye chai kila Jumatatu, akaanza kupata udhuru kila Jumatatu.

Kosa la kwanza lilikuwa la macho, na lingesamehewa kwa kicheko. Hilo la bei ya mabati lilikuwa uongo, nami ndiye niliyewafundisha watoto wa kipaimara amri ya nane.

Mwezi wa tatu nilisimama nikasema yote, pamoja na mabati. Ilichukua dakika mbili. Mlangoni, wakati wa kuagana, bibi mmoja alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mchungaji," akasema, "mimi nilikuwa mezani siku tulipoihesabu ile sadaka. Tulikuwa tunakungoja wewe tu."

Sijapata kuhubiriwa hivyo tena. Miezi mitatu nilikuwa nalinda siri ambayo wenyewe walikuwa wanaijua, na walichokikosa kwangu ni sauti yangu. Nadhani ndivyo Mungu anavyotungoja. Hakuna anachojifunza kwetu tunapoungama, kwa kuwa mezani alikuwapo. Anatungoja tuseme "andika nane" ili tuweze kutembea naye hadi shimo linalofuata.

Kuhusu mzee wetu, hakupata zawadi Jumamosi ile. Tulipokuwa tunangoja nyama ichomwe alinionyesha kadi, akaweka kidole kwenye ile nane. "Mchungaji, huu mmoja wa adhabu haukuniumiza," alisema. "Umeniumiza ule mwanya. Mikwaju miwili nimeipiga kwa kiburi, na kijana alishaniambia." Kisha akamwita kedi wake aje akae mezani nasi ale. Nimekaa na Wakristo wengi wanaoungama dhambi zao. Wachache sana nimewaona wakimwambia kijana wa kuwabebea mfuko kwamba alikuwa sahihi.

Juma hili, kila mmoja wetu na autafute mwanya wake: deni ambalo mwenzi wako hajui, hesabu ya kikundi uliyoikopa ukitumaini kurudisha kabla ya mkutano, neno ulilolisema juu ya mtu na likamfikia. Njia ya kutoka iko pembeni, nayo haikupeleki mbele hata hatua moja. Utapoteza mkwaju. Pengine utapoteza zaidi, maana toba haifuti kila tokeo la kosa, na Daudi alisamehewa huku bado akilia. Lakini kosa lililoandikwa linaishia kwenye mstari wake. Na kama karibu nawe yuko mtu, awe mdogo kiasi gani, ambaye ameshakuambia mara mbili utoe pembeni, anza kwa kumsikiliza yeye.

Sala: Bwana, wewe uliyekuwapo mezani tulipohesabu, tupe ujasiri wa kusema idadi ya kweli. Tuondolee macho kwenye mwanya unaotuvuta. Wabariki wanaotuonya kwa upole, na utusaidie kuwakaribisha mezani. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.