Sikukuu Ugenini



Noeli inapokaribia katika bonde la Kilombero, kila nyumba ina shughuli. Mvua za kwanza zimekwisha kunyesha, na wakulima wanatayarisha mashamba ya mpunga. Akina mama wa Ifakara wanapeta mchele walioutunza kwa ajili ya pilau, na fundi cherehani halali kwa kushona nguo za watoto. Usiku wa mkesha kengele inalia, kanisa linajaa mpaka nje, na baada ya Misa watu wanashikana mikono na kutakiana heri mpaka sauti zinakauka.

Lakini usiku uo huo wako wana wa Kanisa wasio na mtu wa kuwashika mkono. Yuko mkata miwa kule Kidatu, aliyetoka Njombe au Songea, ambaye msimu haujamwachia kwenda kwao. Yuko binti wetu aliyekwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani. Kwake Noeli ni siku ya kufua na kupiga pasi kama jana na juzi. Yuko kijana anayesoma katika mji mmoja wa Ulaya. Saa kumi na moja jioni giza limekwisha kuingia, maduka yamefungwa, barabara ni tupu, kwa kuwa huko usiku wa Noeli watu hukaa ndani na jamaa zao. Naye yu chumbani peke yake, akiangalia katika simu picha za pilau ya nyumbani.

Leo twataka kusema nanyi juu ya watu hao, na juu ya usiku wao.

Siku za kazi ugenini huvumilika. Mtu huamka, hufanya kazi, huchoka, hulala. Lakini ikija siku ya mapumziko, mikono inapokaa bure, moyo huanza kazi yake. Hukumbuka mama, hukumbuka wimbo wa kwaya, hukumbuka jina lake mwenyewe jinsi linavyoitwa na watu wa kwao. Hapo mgeni hutoka nje kutafuta sauti za watu. Na mlango ulio wazi usiku ni upi? Mara nyingi ni mmoja tu, nao ni mlango wa baa.

Tusieleweke vibaya. Hatuandiki haya ili kulaani ngoma na furaha. Bwana wetu Yesu Kristu alikwenda arusini Kana pamoja na Mama yake, wala hakuwatoa watu divai bali aliwaongezea. Furaha ni kipaji cha Mungu. Tunalouliza ni hili: mgeni anapoitafuta furaha, aipate wapi, na kwa bei gani?

Tufikiri kidogo juu ya mfano wa mwana mpotevu, ulioandikwa na Mtakatifu Luka katika sura ya 15. Tumezoea kuusikia kama habari ya dhambi na toba, na kweli ndivyo ulivyo. Lakini pia ni habari ya kijana aliyekaa nchi ya mbali. Katika mfano huo mna karamu mbili. Ya kwanza ilifanyika ugenini: fedha zilitumika na mali ikaisha. Njaa ilipoingia katika nchi ile, hakuna aliyempa kitu. Karamu ya pili ilifanyika nyumbani kwa baba, nayo pia ilikuwa na nyama, nyimbo na kucheza. Basi tofauti haiko katika ngoma. Iko hapa: karamu ya kwanza aliinunua kwa fedha zake, ya pili aliwekewa na mtu aliyekuwa akimngojea.

Hiyo ndiyo hatari ya usiku ugenini. Mkata miwa amesimama juani mwezi mzima, panga mkononi, mwili mweusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa moto. Siku ya mshahara anaingia mahali penye taa na muziki. Kila mtu anamwita ndugu. Kabla ya jua kuchomoza, jasho la siku nyingi limekwisha kumwagika mezani. Na pengine amechukua maradhi, apate kuyapeleka kwa mke wake mwisho wa msimu. Wale waliomwita ndugu hawakuja kumwamsha asubuhi.

Nasi wa Kilombero twapaswa kuujua moyo wa mgeni kuliko wengi, maana bonde letu limejengwa na wageni. Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena wamewaona wakija kwa makundi. Baada ya vita vikuu vya kwanza walikuja mapadre Wakapuchini kutoka Uswisi, pamoja na masista wa Baldegg; waliiadhimisha Noeli katika joto la Desemba, wao waliozaliwa kwenye theluji. Katika miaka ya 1950 Profesa Rudolf Geigy wa Basel alifungua maabara Ifakara, na kazi hiyo ndiyo chimbuko la taasisi ya utafiti wa afya tunayojivunia leo. Miaka ya 1960 mashamba ya miwa ya Kidatu yalianza kuvuta vijana wa kila mkoa. Kisha, tangu 1970 hata 1975, reli ya TAZARA ilipita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba, ikijengwa na Watanzania bega kwa bega na maelfu ya Wachina. Wachina hao nao walikuwa na sikukuu zao, na mama zao, na usiku wao wa kukumbuka kwao. Wengine hawakurudi tena; wamelala katika makaburi ya Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Kila garimoshi linalopita ni ukumbusho wao.

Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tumepona kwa wageni hao: tumepata dawa, shule, reli na sukari. Je, wao wamepona kwetu?

Basi, kwanza twasema na wewe unayesafiri. Utakapofika nchi mpya, juma lile la kwanza, kabla hujajua mahali pengine popote, ulizia kanisa. Usingoje Noeli. Huko Omani siku ya mapumziko ni Ijumaa, na waamini wa mataifa mengi hukusanyika siku hiyo kwa Misa katika makanisa ya Ruwi na Ghala mjini Maskati. Kama mwajiri hakuruhusu kutoka, sali Rozari yako jikoni. Mungu anaijua njia ya jikoni.

Pili, saa ya kurudi nyumbani usiku ipange mchana, akili ikiwa ingali yako. Usiende mahali usipojua njia ya kurudi, wala usifuatane na watu usiowajua jina la baba yao. Wahenga walimfananisha mgeni na kuku mweupe: kila mtu anamwona, hata mwewe. Na mshahara utenge sehemu ya nyumbani kabla hujavaa viatu vya kutokea.

Tatu, heshimu sikukuu za wenyeji wako. Katika nchi ya Waislamu, mwezi wa Ramadhani, usile wala kunywa hadharani mchana. Katika baadhi ya nchi ni sheria, tena ni adabu. Ukiletewa chakula cha Idi, kipokee kwa mikono miwili na ushukuru. Kufurahi pamoja na jirani siku ya furaha yake si kuiacha dini yako. Mara nyingi mlango wa kwanza kufunguka ugenini ni huo.

Tena twasema nanyi wazazi. Mwana akipiga simu siku ya Noeli kutoka mbali, neno la kwanza mnalomwambia ni lipi? Tumewasikia wazazi wakianza na bati, ada na deni la dukani. Mtoto husikiliza, hujibu ndiyo mama, ndiyo baba, kisha hukata simu akiwa mpweke kuliko alivyokuwa. Hawezi kuwaambia kwamba analia, maana mmemfanya kuwa hazina ya fedha, na hazina hailii. Siku ya sikukuu mwulizeni kwanza: Umekula? Uko na nani? Ulisali wapi? Mwacheni ausikie wimbo wa kwaya katika simu. Habari ya bati itangoja mpaka kesho.

Mwisho, ndugu wasomaji, neno gumu ni letu sisi tunaobaki. Katika mfano ule wa Injili yuko mtu wa tatu, ndugu mkubwa. Hakutoka nyumbani, hakuponda mali, hakukosa kazi shambani. Lakini siku ya karamu alisimama nje, akakataa kuingia kwa sababu ya ndugu yake. Twaogopa kwamba mtu huyo ni sisi. Twamwona mkata miwa amesimama nyuma kanisani, nguo yake imepauka, hajui viti vya ukoo gani akae. Misa ikiisha, twapita mbele yake tukiharakia pilau. Jioni tukisikia ameonekana kilabuni, twatikisa kichwa. Lakini tujihoji kwa haki: mwenye kilabu anamjua kijana yule jina lake, na kijiji chao, na wimbo anaoupenda. Sisi tuliopokea Komunio pamoja naye altareni, je, twamjua jina? Mlango mmoja ulikuwa wazi kwake usiku ule, nao haukuwa wetu. Siku ya hukumu Bwana atasema kwamba alikuwa mgeni, na kutuuliza kama tulimkaribisha. Hatatuuliza kama tulitikisa kichwa.

Kwa hiyo twaomba jambo moja dogo. Noeli hii kila jumuiya, katika Ifakara, Mang'ula, Kidatu, Mlimba na kila parokia nchini, itafute mgeni mmoja: mkata miwa, mwanafunzi, mfugaji aliyehamia juzi, mwuguzi au askari aliyeletwa na kazi. Mwulizeni jina lake mbele ya mlango wa kanisa. Mpeni nafasi jamvini na sahani katika sinia. Mwacheni aimbe wimbo wa kwao, hata kama hamwujui. Haitawagharimu zaidi ya ukoko wa pilau, na pengine mtakuwa mmemwokoa mtu na usiku mmoja ambao angejutia maisha yake yote. Na huko mbali, Mungu apendaye kulipa kwa siri atamwamsha mtu amfungulie mlango mwana wenu.

Baba Mtakatifu Pio wa 12, katika waraka wake wa mwaka 1952 juu ya wahamiaji, aliiweka Familia Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa kielelezo cha watu wote walio ugenini. Mtakatifu Yosefu alifika nchi ile usiku wa hofu ukiwa nyuma yake, akiwa na mke na mtoto mchanga, bila jamaa. Injili haitutajii mtu aliyewafungulia mlango. Lakini twajua ya kwamba walikaa, na waliishi. Basi bila shaka katika Misri alikuwapo mwenyeji aliyesema karibu, wala hakujua ni nani anayemkaribisha.

Awe mmoja wetu.

Heri ya Noeli, kwa walio nyumbani na kwa walio ugenini.