Kabla ya Kujisifia Senene

Wajukuu zangu, nchi hii ina mzaha wa siku nyingi juu yetu Wahaya, kwamba tunajisifu hata tukiwa usingizini. Siukatai. Mkiwa Dar es Salaam au Mwanza, nasikia mnavyowatambia wenzenu: ndizi ni za Bukoba, kahawa ni ya Bukoba, na asiyekula senene bado hajala. Nafurahi. Kijana anayeona haya kutaja chakula cha kwao hunisikitisha kuliko huyo anayejisifu. Ila majivuno yana deni lake, na naona wengi wenu mnajisifu kwa mkopo.

Nikimwuliza mmoja wenu senene wanatoka wapi, hunijibu, "Wanatoka Desemba." Wengi mnawajua wakiwa wameshakaangwa, wako kwenye kikopo pale stendi ya basi. Basi jueni kwamba senene huja na mvua, hasa Novemba na Desemba, na pengine wachache wakarudi mvua za masika. Huruka usiku kwa makundi na kufuata mwanga. Zamani waliokotwa alfajiri kwenye nyasi za rweya, uwanda wetu wa wazi, wakati umande umewalowesha mabawa na baridi imewaondolea nguvu ya kuruka. Aliyesubiri jua lichomoze alirudi na kapu jepesi. Siku hizi wafanyabiashara huwasha taa kali, husimamisha mabati mapya juu ya mapipa, na huchoma nyasi mbichi ili moshi uwalevye. Mdudu hugonga bati, huteleza, hutumbukia. Usiku mzuri hujaza magunia, na usiku mbaya humwachia mtu deni la mafuta ya jenereta na macho mekundu.

Hapo kazi haijaanza. Kila senene hunyonyolewa mabawa na miguu kwa vidole, mmoja baada ya mwingine. Kapu moja huwakalisha watu wa nyumba nzima hadi migongo iume. Kisha huoshwa na kuwekwa kwenye sufuria wakaangike kwa mafuta yao wenyewe, chumvi kidogo, na kitunguu kwa anayetaka. Wanaokusudiwa kukaa huchemshwa na kukaushwa vizuri, ndipo wafungwe kusafirishwa. Anayewamiminia mafuta ya alizeti nusu chupa simkatazi, lakini asiseme amefundishwa na bibi yake.

Nimetaja bibi, na hapo ndipo penye jambo ambalo halisikiki kwenye majigambo yetu. Walioamka alfajiri kwenda rweya walikuwa wanawake na watoto. Walionyonyoa walikuwa wanawake. Na kwa desturi ya zamani mwanamke hakuruhusiwa kuwala. Senene walikuwa chakula cha mwanamume. Kwa jirani zetu Waganda mwanamke aliambiwa kwamba akiwala atazaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha mdudu huyo. Mwiko ule ulimfaidisha nani, nadhani hamhitaji msaada wangu kukisia. Siku hizi dada zenu wanakula hadharani, na wengine ndio wanaowauza mjini na kusomeshea watoto. Kwa hiyo kijana wa kiume anayejitapa kwamba senene ni urithi wetu, kisha anakaa barazani na simu akingoja kuletewa sahani, ajue yeye ameurithi upande mmoja tu.

Kwenye ndizi mnatamba zaidi, na huko pia nina neno. Mgomba haukuota kwetu tangu kuumbwa kwa dunia. Mizizi yake iko Asia ya kusini-mashariki, na ulifika Afrika zamani sana. Tunachoweza kujivunia ni kile kilichofanyika baadaye: wakulima wa huku kwenye maziwa makuu, kizazi baada ya kizazi, walichagua machipukizi, wakayatunza, wakagawiana, hadi zikawepo aina nyingi za ndizi za kupika ambazo huko ulikotoka mgomba hazipo. Enshakala na Enchoncho ni matunda ya uchaguzi huo. Embire ni za pombe, na enkonjwa huchomwa. Mtu anayeziita zote "matoke" na kuishia hapo hajafika hata mlangoni.

Na kibanja, shamba letu la migomba la nyumbani, hakijilimi. Kinataka samadi ya ng'ombe na nyasi za kutandaza. Wazee waliofuga walikuwa na vibanja vilivyozaa mikungu mizito kwa miaka mingi mahali palepale, huku kahawa ikikua katikati ya migomba. Tulipopunguza ng'ombe na kugawana kibanja kila mzee anapofariki, hadi kila mtoto akabaki na upande wa kujengea nyumba, mikungu nayo ikapungua. Sisemi haya ili mrudi wote kulima. Nasema ili mtu asijenge jumba la likizo juu ya shina la Enchoncho, halafu mjini akasimulia utamu wa ndizi za kwao.

Tena kuna unyanjano. Ugonjwa huu wa mnyauko uliingia mkoani kwetu miaka ya 2000 ukakausha migomba ya koo nzima. Majani hugeuka manjano, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na ukikata shina unaona usaha wa njano. Hauna dawa ya kupuliza. Hubebwa na wadudu wanaotua kwenye ua dume, na hubebwa na panga letu wenyewe tunapotoka mgomba huu kwenda ule. Kinga yake ni kazi ya mikono: kulivunja ua dume kwa mti wenye panda mara tu kichane cha mwisho kinapotokeza, kulipitisha panga kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, na kung'oa bila huruma ulioambukizwa. Watafiti wa Maruku, hapo jirani na mji wa Bukoba, wamehangaika na migomba miaka mingi. Hawawezi kuja kukuvunjia ua dume nyumbani kwako.

Sasa kuhusu majirani. Msibishane na Wachagga nani anajua ndizi. Wao wana mtori, wana machalari, wana kiburu, na mtori mzuri wa nyama, asubuhi ya baridi pale Moshi, sina la kuuambia. Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, Waganda hufunga ndizi kwenye majani yake na kuzipika kwa mvuke, na hao tunashirikiana nao mgomba, senene na hata maneno. Mpaka ule ulichorwa na wageni ambao hawakuuliza nani anakula nini. Na mkikutana na mtu wa kusini anayekula panya wa shambani au kumbikumbi, mkacheka, mimi nitawacheka ninyi. Mla senene akimshangaa mla kumbikumbi, wote wawili wakiwa na mabawa kwenye ungo, huo ni upungufu wa akili.

Mgeni naye asilazimishwe. Wazee walimpokea mtu kwa kahawa ya kutafuna, buni za robusta zilizochemshwa na majani yenye harufu kisha zikakaushwa, chache tu kiganjani. Alitafuna au alishika tu, heshima ilikuwa imeshatolewa. Mfanyieni hivyo rafiki yenu wa pwani anayeogopa senene. Mpeni mmoja. Akikataa, mpeni ndizi.

Jina la chakula linaweza kuibwa hata na wenye nalo. Tembeeni masoko ya Dar es Salaam mhesabu magunia yaliyoandikwa mchele wa Kyela. Kyela ni wilaya moja pembeni mwa Ziwa Nyasa. Kama yote yangetoka huko, ingekuwa nchi. Wauzaji huchanganya, mnunuzi akapika, akakosa ile harufu, akasema Kyela imekwisha. Anayeumia ni mkulima wa kule. Nasikia na senene wa magunia husafirishwa wakiwa hawajakauka, wakafika wamevunda, wakauzwa kwa jina la Bukoba. Kijana wetu akifanya hivyo kwa ajili ya faida ya wiki moja, ametuchafulia wote.

Desemba mkija, kama kawaida yenu, mje na nguo za shamba. Wavulana watakaa kunyonyoa senene pamoja na dada zao, na sahani ya kwanza itaanzia kwa bibi yenu. Kuna maua dume ishirini na kitu yananisubiri nyuma ya nyumba, na mti wenye panda nimeshaukata. Atakayeniuliza kama kuna mtandao huko kibanjani ataanza yeye.